Tangazo Lisilo na Tarehe

Kidosho alirudi saa saba mchana, viatu mkononi, na hakumsalimia mtu. Alipita katikati ya kaka yake na wifi yake waliokuwa wanakula, akabwaga bahasha ya kaki juu ya kochi, kisha akasimama akiwatazama kwa zamu, kama anayechagua wa kuanza naye. Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya mabomba, alikuwa na tonge mdomoni. Akalimeza haraka.

"Leo dobi amekutoa mapema?" akauliza.

"Dobi nilimuaga Jumamosi."

"Ulimuaga unakwenda wapi?"

"Muulize mkeo."

Mkewe walimwita Karani. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini miaka kumi na minne ya kupiga chapa barua za kampuni ya malori ililifuta, na kampuni ilipofunga milango mtaa haukumrudishia. Sasa ofisi yake ilikuwa meza iliyobanwa kati ya kabati la vyombo na dirisha, na juu yake kompyuta iliyokatika bawaba, imeegemezwa kwa kopo la maziwa lililojazwa mchanga. Karani aliacha kula. Kosa lake hakulijua, ila sauti ya wifi yake aliijua, na ile haikuwa ya mzaha.

"Mimi tena? Nimefanya nini, wifi?"

"Kiwanda cha sabuni," Kidosho akasema. "Wafungashaji mia na ishirini. Usaili Jumatatu hadi Jumatano wiki ijayo, saa mbili kamili, njoo na vyeti halisi na picha mbili. Si ndivyo ulivyoandika?"

"Lilibandikwa Ijumaa, ndiyo. Kwani..."

"Kwani! Mlinzi amecheka mpaka ameshika nguzo ya geti. Anatuuliza, nyinyi mmefufuka leo? Tangazo hilo ni la miaka mitatu iliyopita! Walioajiriwa wamefanya kazi, wamefukuzwa, zimeletwa mashine. Tulikuwa watu sitini, wifi. Tumesimama juani na picha zetu mbilimbili kama watoto wa kuandikishwa darasa la kwanza."

Fundi alisafisha koo. "Na kwa dobi umeagaje?"

Kidosho akakaa, hasira ikampungua kidogo, aibu ikachukua nafasi. "Vibaya. Nimemwambia pasi yake ajipigie tumbo. Mbele ya wateja."

"Lo! Kidosho!"

"Miaka minne ananikata mshahara kwa kila kifungo kinachodondoka! Nikasema basi, Mungu amefungua." Akamgeukia wifi yake. "Usiniulize kwa nini sikukuambia. Nilitaka nije na barua ya kazi niiweke hapo mezani, nikwambie wifi, kompyuta yako imetuzalia. Nimelisoma kwako! Ningelisoma kwa mtu baki ningeuliza mara mbili. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Sasa, mambo yalikuwa hivi. Blogu ya Karani ilitangaza nafasi za kazi, ila matangazo yenyewe hakuyaandika yeye. Alikuwa na programu aliyojifunza kuitengeneza kwa kutazama video, miezi mitano ya kukosea na kuanza upya, na kila baada ya saa tatu ilizunguka kwenye tovuti arobaini, ikazoa matangazo ya kazi, ikayasafisha na kuyabandika kwake. Aliipa jina la Mwokotaji. Kampuni zilizoweka biashara zao pembeni mwa ukurasa zililipa kulingana na idadi ya wasomaji, na malipo hayo ndiyo yaliyolipa vyumba vile viwili na ada ya binti yao tangu kazi za mabomba zianze kuja kwa kudonoa. Chini ya kila tangazo Mwokotaji aliongeza mstari mmoja ambao Karani alijivunia: *Karani wako anakutakia kila la heri.*

Akaenda mezani, akafuatilia. Ilimchukua dakika tano. Tovuti moja ilikuwa imehamisha kurasa zake za zamani, Mwokotaji akazikuta mahali papya akadhani ni mpya. Kidosho alisimama nyuma yake, anasoma juu ya bega.

"Huko lilikotoka lina tarehe," Kidosho akasema. "Ile pale juu. Siku, mwezi na mwaka. Mbona kwako halina?"

Mkono wa Karani ulitulia juu ya meza.

"Itakuwa hitilafu ya mtambo," akasema.

Fundi aliinamia sahani yake, akaanza kukusanya punje za wali ambazo hazikuwapo. Yeye alikuwapo jioni ile, miezi miwili nyuma, Karani alipogundua kwamba tangazo likipita siku mbili hakuna anayelifungua. Alikuwapo alipomwandikia Mwokotaji amri ya mstari mmoja: tarehe zote zitolewe. Wasomaji walipoongezeka maradufu walinunua soda wakanywa.

Karani akalifuta tangazo. "Limeshatoka."

"Na mimi nimeshatoka kazini," Kidosho akasema, akaokota bahasha yake akaingia ndani.

*

Asubuhi ya Jumanne Karani alifungua kompyuta maji ya chai yakiwa bado jikoni. Tangazo lilikuwa limerudi. Limekaa juu kabisa ya ukurasa, halina tarehe, linaita watu wiki ijayo, na chini yake idadi ya wasomaji ambayo blogu ile haikuwahi kuiona: elfu sita na ushee.

Alidhani anaota. Akafuata nyayo za Mwokotaji hatua kwa hatua, na alipofika mwisho akajikuta anacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeibiwa kuku wake akauziwa supu. Blogu nyingine ilikuwa na mwokotaji wake. Ilikuwa imelizoa tangazo kwa Karani Ijumaa ileile. Alipolifuta kwake, Mwokotaji akapita huko, akakuta kazi mia na ishirini, akazibeba kuzirudisha nyumbani. Alitafuta zaidi. Tovuti tisa zilikuwa nalo, na katika saba kati ya hizo hata ule mstari wa chini ulikuwapo, neno kwa neno. Karani wako anakutakia kila la heri.

"Baba," akamwita mumewe. "Njoo uone."

Fundi alikuja na mswaki mdomoni. Akatazama namba, akautoa mswaki.

"Elfu sita? Kwa tangazo moja? Hiyo si kodi ya mwezi mzima!"

Karani alisogeza kishale kwenye kitufe cha kufuta.

"Nasema tu," Fundi akaongeza. "Mwanzo hukuliandika wewe. Na ukilifuta kwako, hao tisa watabaki wanakula wao. Watu watakwenda vilevile."

"Watu wanavaa viatu saa hizi, baba."

"Na wewe utawavua mmoja mmoja?"

"Kama ni lazima." Akalifuta tangazo mara ya pili, na safari hii akamzima Mwokotaji kabisa. Kisha akaanza kutafuta mtandio wake. "Na siyo usaili wa jana na leo na kesho tu. Linasema *wiki ijayo*. Halina tarehe. Atakayelisoma leo atakwenda Jumatatu. Atakayelisoma Jumatatu atakwenda Jumatatu nyingine. Halina mwisho, unanielewa? Nilikata mwisho wake kwa mkono wangu."

"Tulikata," Fundi akasema, kwa sauti ndogo.

"Basi nyoosha hiyo blauzi yangu wakati naoga."

*

Kiwandani palikuwa na watu wapatao arobaini, wamejipanga kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Mlinzi alikuwa amekaa ndani ya kibanda chake anakunywa chai, mtu aliyekwisha kusema alichokuwa nacho na sasa anaburudika tu.

"Nimewaambia," akamwambia Karani kabla hajaulizwa. "Hawataki. Wanasema nimehongwa."

Karani alipiga moyo konde akasogea mbele ya foleni. "Jamani, samahani. Habari za asubuhi. Hapa hakuna kazi. Lile tangazo ni la zamani, rudini nyumbani msipoteze siku."

Mwanamke mmoja wa mbele akamtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Na wewe umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuwaambia."

"Ahaa! Umetoka kwako, umepanda gari, kuja kutuhurumia. Mama, ujanja huo tumeuzoea. Tukiondoka tu, unaingia na ndugu zako."

Foleni ikacheka. Sauti ikatoka nyuma: "Mwambie apange mstari kama wenzake!" Mwingine akasema kama hana cheti aende zake, si lazima kila mtu aajiriwe. Watu arobaini walikuwa wanamfukuza Karani mahali ambapo hakuna chochote.

Kijana mmoja aliyevaa suti iliyompita mabega alitoka mstarini, akamwonyesha simu yake kwa upole, kama anayemfundisha mzee. "Shangazi, usiwe na wasiwasi. Kazi ipo. Soma mwenyewe. Na angalia hapa chini, limepitia kwa Karani. Huyu nimemfuata mwaka mzima. Wengine wote matapeli, lakini Karani hasemi uongo."

Tovuti ile haikuwa hata yake. Jina lilikuwa lake.

Angeweza kuondoka. Nani angejua? Mlinzi angemaliza chai, jua lingepanda, wangechoka wangekwenda. Tena mguu mmoja ulikuwa umeshageuka, na ukweli usemwe, haukugeuka kwa bahati mbaya.

"Karani ni mimi," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Naishi kwa hiyo blogu. Sikuandika tangazo hili, niliokota mahali, na wengine wakaokota kwangu. Ni la miaka mitatu iliyopita."

Foleni ilianza kulegea. Watu wakasogea, wakamzunguka. Yule kijana wa suti bado alikuwa ameshika simu imeelekea kwake.

"Sasa wewe hukuona kwamba ni la zamani?" akauliza.

"Sikuona. Halikuwa na tarehe."

"Kwa nini halikuwa na tarehe?"

Swali lilelile la Kidosho, na jibu lilelile lilikuwa tayari ulimini. Karani alilimeza.

"Niliitoa mimi. Natoa tarehe kwenye matangazo yote. Mkiona tarehe ya juzi hamfungui, na msipofungua silipwi."

Mtu asikudanganye kwamba ukweli hupokelewa kwa makofi. Mwanamke wa mbele alimtukana tusi ambalo halifai kurudiwa hapa, la kumtaja na mama yake. Mzee mmoja alidai nauli yake, na Karani akampa ile ya kurudia, kisha wa pili akanyoosha mkono na hakuwa na kitu tena, akaitwa mwizi. Kijana wa suti hakumtukana. Alizima simu, akalivua koti akalikunja vizuri upande wa ndani nje, maana lilikuwa la kuazima, akaondoka bila kuaga. Karani alitamani angetukana.

Alirudi nyumbani kwa miguu, saa moja na nusu.

*

Kidosho alikuwa uani, ameloweka miguu kwenye beseni. Vidole vyake vya mikono vilikuwa vimekunjamana na vyeupe.

"Amenirudisha," akasema bila kuulizwa. "Dobi. Amenisimamisha mbele ya wateja niseme samahani mara tatu, ya tatu kwa sauti. Pasi amempa mwingine. Mimi sasa nafua mashuka ya nyumba ya wageni, kwa mkono, nusu ya mshahara. Ameniambia, pasi ilikuwa ya tumbo, sabuni ndiyo uliyoitafuta, haya, sabuni hiyo."

Karani akachuchumaa mbele ya beseni. Fundi alikuwa mlangoni anafunga uzi kwenye bomba, mikono ikasimama.

"Wifi, jana nilikudanganya. Haikuwa hitilafu. Tarehe nilizitoa mimi kwa makusudi."

"Najua."

"Unajua?"

"Kaka anapotafuta wali kwenye sahani tupu, kuna jambo." Kidosho hakucheka. "Nilikuwa nasubiri nione utaniambia lini. Nikajiambia, akifikisha Jumapili hajasema, nahama."

"Nisamehe."

"Sijui. Nitakusamehe, lakini siyo leo, leo mgongo unaniuma." Akatoa mguu mmoja kwenye maji, akaufuta. "Kwanza niambie umefanyaje huko."

Karani akaeleza yote, mpaka koti la kuazima. Akaeleza na lile linalomtisha zaidi: tovuti tisa, leo labda kumi na tano, zote zinaita watu wiki ijayo, na wenyewe hawajulikani waliko. Alikuwa amewaandikia wote barua pepe. Mmoja tu alijibu, na jibu lilikuwa la mashine: asante kwa kutembelea tovuti yetu.

"Wanachukua kila unachoandika?" Kidosho akauliza.

"Kila kitu. Mradi kichwa cha habari kiwe na *nafasi za kazi*. Hawasomi. Mitambo yao ndiyo inayosoma."

"Hata ukiandika upuuzi?"

"Hata upuuzi."

"Basi wewe unalalamika nini, wifi? Umepata watumishi kumi na tano wa bure. Andika ukweli, uuvishe kichwa cha kazi, uwaachie waibe."

Karani alimtazama mtu huyu aliyemaliza shule ya msingi kwa tabu, miguu kwenye beseni. Kisha akainuka mbiombio hata akasahau kandambili moja.

Fundi alimfuata mezani. Alisimama nyuma yake wakati anaandika, na kila sentensi ilivyotokea ndivyo alivyozidi kuhema.

*NAFASI 120 ZA KAZI KIWANDA CHA SABUNI WIKI IJAYO: SOMA KABLA HUJATOKA NYUMBANI*

*Hakuna kazi kiwanda cha sabuni. Tangazo lile lilitolewa miaka mitatu iliyopita, na hiyo wiki ijayo inayotajwa ilishapita. Mimi ndiye niliyelirudisha, na ni mimi niliyeondoa tarehe yake ili mlifungue. Mkiliona kwenye tovuti nyingine yoyote, limetoka kwangu. Usikope nauli. Usikodi nguo.*

"Ongeza," Kidosho akapaza sauti toka uani, "usiache kazi uliyo nayo!"

*Usiache kazi uliyo nayo.* Kisha Karani akaandika tarehe ya siku ile kwa maneno, siku, mwezi na mwaka, ndani ya sentensi, ili mtambo wowote usiweze kuinyofoa. Na chini yake akaanza kuandika namba ya simu.

"Umerogwa?" Fundi akamshika bega. "Namba yako? Watu elfu sita wakutukane mmoja mmoja?"

"Wengine watataka kuuliza."

"Mama, sikiliza. Ukilibandika hilo, nani atasoma tena blogu yako? Kodi je? Ada je? Sisemi usiwaambie watu. Sema kosa limetokea, samahani kwa usumbufu, kama wanavyosema wakubwa. Kuna haja gani ya kuandika *ni mimi niliyeondoa*?"

"Kwa sababu wakisoma kosa limetokea, hawataamini. Leo nimesema hakuna kazi, wakaniambia nipange mstari. Niliposema ni mimi, ndiyo wakaondoka."

Fundi akaliachia bega. Karani alimalizia tarakimu mbili za mwisho akabandika.

*

Kufikia Jumatano saa nne asubuhi, tovuti kumi na moja zilikuwa zimelizoa. Kufikia adhuhuri, ishirini na mbili. Karani alikuwa hajawahi kufurahia wizi kiasi hicho.

Simu ilianza saa moja asubuhi na haikupumzika. Wa kwanza alimtukana kwa dakika nne bila kurudia tusi, Karani akanyamaza mpaka akamaliza, akasema, "Una haki, kaka," na yule mtu akakata simu kwa hasira ya kukosa mtu wa kubishana naye. Wengine walitaka kusikia kwa masikio yao. "Kweli hakuna?" "Hakuna, dada." "Hata za kufagia?" "Hata za kufagia." Saa tano akapiga mwanamume mmoja ambaye hakutafuta kazi.

"Wewe mama umeniharibia biashara! Maneno yako yamejibandika kwenye tovuti yangu! Watu wananiuliza mimi tarehe nimeipeleka wapi!"

"Uliyachukua bila kuniomba?"

"Sikuchukua mimi! Mtambo ndio umechukua!"

"Pole sana," Karani akasema. "Hata mimi nilisema hivyohivyo."

Kidosho, aliyekuwa anajiandaa kwenda kwenye mashuka, alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na Karani akaona afadhali.

Lakini kicheko hakilipi kodi. Kufikia Ijumaa wasomaji walibaki thuluthi moja, na moja ya kampuni za pembeni mwa ukurasa ikaandika barua kwamba inaangalia upya makubaliano. Fundi alisoma barua ile, akaikunja, na jioni akarudi ananuka. Alikuwa amekubali kazi ya kuzibua vyoo vya nyumba ya wageni, kazi aliyoikataa miaka mitatu kwa kusema yeye ni fundi wa maji safi.

"Usiseme kitu," akamwambia mkewe mlangoni.

"Sijasema."

"Mchuma janga hula na wa kwao. Naomba maji ya moto."

Karani akamwekea maji, akarudi mezani. Mbele yake palikuwa na daftari, na ndani yake orodha ya matangazo mia tatu na kumi aliyokuwa nayo kwenye blogu, yote bila tarehe. Hakujua lipi zima na lipi mfu. Kwa hiyo alikuwa anapiga simu, moja baada ya nyingine: kiwanda, duka, shule, zahanati. Samahani kwa usumbufu, tangazo lenu hili ni la lini? Wengine walimkatia simu. Wengine walimwambia subiri kidogo wakamsahau hewani, salio likaisha. Kati ya nafasi thelathini za kwanza, kumi na moja zilikuwa za kweli. Kumi na tisa alizifuta, na kila alipofuta alimkumbuka mtu fulani asiyemjua, amenyoosha nguo, amesimama mbele ya geti fulani.

"Hizo mia tatu utazimaliza lini?" Fundi akauliza kutoka bafuni.

"Kwa simu ishirini kwa siku, wiki mbili na kitu."

"Na mpya zinazokuja?"

"Mwokotaji ataokota. Ila hatabandika. Ataniletea mimi, mimi nipige simu kwanza."

"Utakuwa na matangazo matano kwa siku badala ya mia."

"Matano," Karani akasema, akabonyeza namba nyingine.

*

Jumatatu alikwenda tena kiwandani. Hakuna aliyemwambia aende. Alifika saa moja na nusu, blauzi ileile, na daftari mkobani ili asipoteze muda.

Ukuta ulikuwa mtupu. Mlinzi alimtambua, akamnyooshea kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya. "Leo kumetulia," akasema. "Alhamisi walikuja wanne, Ijumaa mmoja. Mama, umewamaliza." Karani akakaa. Saa mbili ikafika, ikapita. Saa mbili na robo. Akahisi kitu kinamtoka mabegani, akajiruhusu kutabasamu kidogo, akafungua daftari.

Ndipo alipomwona. Mwanamke wa makamo, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, bahasha kifuani, anakuja taratibu kando ya barabara akisoma maandishi ya kila geti. Alipofika akawaamkia wote wawili kwa heshima, akaenda kusimama penye ukuta, mahali ambapo foleni ingeanzia.

Karani akainuka. "Dada, karibu. Umekuja kwa ajili ya ile kazi ya kufungasha?"

"Ndiyo, mwanangu wa kike aliiona kwenye simu yake."

"Hakukuonyesha la pili? Lililosema hakuna kazi?"

"Alinionyesha. Nimelisoma mwenyewe, mara mbili. Lile la Karani."

"Karani ni mimi."

Mwanamke akamtazama vizuri, akaitikia kwa kichwa, bila hasira. "Ahsante kwa kuandika."

"Sasa kama umelisoma, dada yangu, mbona umekuja?"

Yule mama alinyoosha kona za bahasha yake. Alitazama geti lililofungwa, na mlinzi aliyeshusha macho.

"Umeandika kwamba mara ya kwanza ulikosea," akasema. "Nikajiambia, mtu akikosea mara moja hashindwi kukosea tena. Huenda ni hapa ndipo ulipokosea. Huenda ipo."

Kutukanwa Karani alikuwa amezoea, sasa angeweza kutukanwa mpaka jioni. Hili hakuwa amelitegemea. Hata mlinzi aliacha kunywa chai.

Kisha Karani akavuta kile kiti cha mguu wa waya, akampa yule mama, yeye akakaa kwenye ukingo wa mtaro.

"Umewahi kufanya kazi gani?"

"Jikoni. Shule ya bweni, miaka tisa. Nilipika kwa wanafunzi mia nne."

Karani akafunua daftari. Katika zile za kweli hakuna jiko hata moja. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, kidole kikishuka kwenye mistari ambayo hajaipigia, mpaka mia na arobaini na kitu, penye shule moja inayotafuta mpishi, haina siku, haina mwezi. Akatoa simu. Salio lilikuwa la kutosha kuuliza swali moja, wakijibu haraka.

Iliita muda mrefu. Yule mama alishika bahasha yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee," Karani akasema. "Samahani kwa usumbufu. Nina mtu wa jikoni hapa, nimekaa naye. Tangazo lenu la mpishi, naomba uniambie, ni la lini?"